Kutoka Nyamuma hadi Nyamongo: Nyumba hubomolewa kwa siku moja, fidia husubiri miaka

Oktoba 2001 wakazi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliamriwa kuondoka katika ardhi inayopakana na Pori la Akiba Ikorongo. Nyumba zao zilichomwa moto. Wananchi 135, wakisaidiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walipeleka malalamiko yao kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chombo ambacho wakati huo kilikuwa ndiyo kwanza kimeanzishwa.

Mwaka 2004 Tume iliamua kwamba haki za wananchi hao zilikiukwa, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali haikukubaliana na uamuzi huo, na shauri likaenda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani kwa rufani namba 88 ya mwaka 2006. Watu ambao makazi yao yaliteketea kwa muda mfupi wakajikuta wanabishana kwa miaka kuhusu nani ana mamlaka ya kutekeleza mapendekezo ya Tume.

Kisa hicho hakikuzuka ghafla. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha wananchi kwenye makazi mapya. Mwaka 1994 mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakatangazwa. Kila hatua ilichora mpaka mpya juu ya mashamba na malisho yenye wenyewe. Mkulima aliyehamishwa na serikali ya jana huweza kuitwa mvamizi na serikali ya leo, ilhali hati pekee aliyonayo ni kumbukumbu ya wazee na makaburi ya ndugu zake.

Ukivuka kwenda Tarime, kinachogombewa ni dhahabu. Mgodi wa North Mara, Nyamongo, ulianza uzalishaji mwaka 2002 katika maeneo ambayo wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba, na mwaka 2006 ukawa chini ya kampuni ya Barrick. Kila mgodi ulipohitaji kupanuka, wathamini walikuja kuhesabu nyumba, miti na mazao. Hapo ndipo yalipoenea majengo ya kutegesha: vibanda vya haraka na mazao yaliyobananishwa shambani ili fidia iongezeke. Mamlaka zinakataa kuvilipia, na ni haki yao kulinda fedha. Lakini mwenye nyumba ya zamani, aliyezaa na kuzika pale, naye huingizwa katika tuhuma hiyohiyo pale daftari la kijiji lisipoonyesha nani alikuwepo kabla ya tathmini. Tangu Kampuni ya Twiga, ya ubia kati ya Serikali na Barrick, ilipoundwa mwaka 2019, Serikali ina hisa asilimia 16 katika mgodi. Inapata gawio, inasimamia ardhi na inaamua malalamiko, kwa hiyo inawajibika zaidi kuonyesha kwamba mizani yake haiegemei upande wa faida.

Upande wa pili kuna uuzaji holela. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, lakini hairuhusiwi kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mnunuzi huonyeshwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, mashahidi wawili na muhuri wa ofisi ya kijiji, naye huamini amekwisha kuwa mwenye shamba. Hakuna muhtasari wa mkutano wala ramani. Siku ukuta wake unapochorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, muuzaji hayupo, kiongozi aliyegonga muhuri ameshamaliza muda wake, na hasara yote inamwangukia aliyelipa.

Sheria za kumkinga mwenye ardhi anayeondolewa zipo. Mwaka 1994, katika kesi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Fidia kamili si bei ya matofali tu. Inajumuisha thamani ya ardhi na mazao, posho ya usumbufu, makazi na usafiri, tena inatakiwa kulipwa mapema, na ikicheleweshwa zaidi ya miezi sita inadai riba. Ibara ya 8 nayo imeweka ustawi wa wananchi kuwa lengo kuu la Serikali.

Kwa nini basi nyumba ziendelee kubomolewa kabla ya haki kulipwa? Kwa sababu amri ya kubomoa hutekelezwa na mwenye nguvu, na wajibu wa kulipa huachiwa aliyeumia audai. Mfuatano huo unapaswa kugeuzwa. Mpaka upimwe mbele ya wananchi na kuwekwa bikoni kabla ya mtu kujenga. Daftari la ardhi la kijiji lifunguliwe kwa kila mwanakijiji. Muuzaji na kiongozi aliyeidhinisha mauzo haramu washtakiwe kabla ya tingatinga kupelekwa kwa mnunuzi. Mapendekezo ya Tume yawe na muda wa kutekelezwa unaoifunga Serikali yenyewe.

Uhifadhi unaliingizia taifa mapato, na dhahabu pia. Serikali inayoweza kupeleka tingatinga alfajiri inaweza kupeleka hundi siku iliyotangulia.