Daktari na Waraka wa Kujieleza

Katika ofisi zetu neno kujieleza halina sifa njema. Mtumishi akipokea barua inayomtaka ajieleze, hujua kwamba pana kosa limekwisha kuandikwa juu yake, na pengine usiku ule hapati usingizi. Kwa hiyo sikushangaa, mwezi wa Julai mwaka 2022, binti wa marehemu kaka yangu aliponijia nyumbani, akaniamkia, kisha akasema kwa uso wa mshtakiwa: “Baba mdogo, Wamarekani wanataka nijieleze.”

Alikuwa daktari kijana aliyemaliza utarajali wake, na alikuwa akiomba nafasi ya kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto nchini Marekani. Mitihani amefaulu na vyeti anavyo. Lililobaki ni ukurasa mmoja wa maneno yake mwenyewe, kueleza yeye ni nani na kwa nini anaitaka kazi ile. Ukurasa huo ulimchukua miezi miwili. Nami, ninayesomesha historia, ulinionyesha jambo ambalo sikuwa nimelitia maanani: kwamba daktari wa Kiafrika katika mji huu wa Dar es Salaam aliandikwa na wengine kwa miaka mingi kabla hajatakiwa kujiandika mwenyewe.

Naanza na Sewa Haji. Hospitali hiyo, iliyochukua jina la mfanyabiashara wa Kihindi aliyeitolea mali yake, ilikuwa hospitali ya Waafrika na Wahindi tangu zama za Wajerumani hadi mwaka 1956, ilipofunguliwa Hospitali ya Princess Margaret, ambayo sasa ndiyo Muhimbili. Wazungu walikuwa na yao ufukweni, Ocean Road. Baada ya Vita Kuu ya Pili walifanya kazi Sewa Haji vijana kadha wa kadha waliohitimu Makerere. Hati yao haikutambuliwa na Baraza Kuu la Udaktari la Uingereza mpaka mwaka 1957. Hivyo walihesabiwa kuwa wasaidizi, hata pale ambapo mgonjwa hakuona daktari mwingine ila wao. Habari za kila mmoja ziliandikwa na mkuu wake katika taarifa ya siri. Aliyeandikwa hakuisoma. Alipopandishwa alijua ameandikwa vizuri, na alipohamishwa alibaki kukisia.

Hata hivyo vijana hao walijua kuandika, na mwaka 1950 waliandika. Pamoja na Abdulwahid Sykes, mtoto wa mjini, walishika uongozi wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, yaani TAA, ambacho nyumba yake ilikuwa New Street, siku hizi Mtaa wa Lumumba, mwendo mfupi kutoka soko la Kariakoo. Dakta Vedasto Kyaruzi akawa Rais, na Sykes Katibu. Gavana Twining alikuwa ameunda kamati ya kuchunguza mambo ya katiba, nayo TAA ikaipelekea waraka wa madai yake. Katika mambo ya sheria walipata shauri la Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, yule yule aliyefuatana na Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuitetea ardhi ya Wameru. Huo nao ulikuwa ulezi wa kalamu: mwenye neno ana neno lake, na mwenye kujua mlango wa kulipitishia anamwonyesha mlango.

Waraka ule ulizungumza kwa nafsi ya sisi, maana mimi haikuwa na kazi mle. Dakta Kyaruzi baadaye aliondolewa Dar es Salaam, akapelekwa Kingolwira karibu na Morogoro, kisha Nzega. Na wako wanahistoria wanaosema kwamba uhamisho huo ulikuwa jibu la serikali kwa siasa zake. Uhuru ulipokuja akawa mwakilishi wetu wa kwanza katika Umoja wa Mataifa.

Miaka iliyofuata naipita upesi. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba nchi ilipopata uhuru ilikuwa na madaktari 12 tu. Mwaka 1963 ikafunguliwa shule ya udaktari Dar es Salaam; mwaka 1968 ikawa kitivo cha Chuo Kikuu; mwaka 1991 ikawa chuo kikuu kishiriki cha Muhimbili, na mwaka 2007 chuo kikuu kamili. Lakini katika mabadiliko hayo yote desturi moja ilikaa sana: aliyefaa kwenda kusomea ubingwa nchi za nje alipendekezwa na wakubwa wake. Mpasuaji mstaafu nitakayemtaja hivi punde alipelekwa Ulaya katika miaka ya 1970, na aliniambia kwamba hakuandika hata sentensi moja juu ya nafsi yake. Alijaza fomu, akapiga picha, akangoja.

Wamarekani wana njia nyingine. Tangu mwaka 1952 wana utaratibu wa kulinganisha chaguo la daktari na chaguo la hospitali, na tangu mwaka 1956 wana chombo cha kuwahakiki madaktari waliosomea nchi za nje. Maombi ni mengi mno kwa kila nafasi. Zamani alama za mtihani wao wa kwanza zilikuwa chekecheo kubwa, lakini mwezi wa Januari mwaka 2022 mtihani huo uliacha kutoa alama, ukawa wa kufaulu au kushindwa tu. Hapana budi karatasi zilizobaki zikaongezeka uzito, na ukurasa wa kujieleza ni mojawapo.

Basi nikampeleka kwa yule mpasuaji mstaafu. Anakaa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, katika mojawapo ya nyumba chache za Kiswahili zenye ukumbi wa katikati na uwanja wa nyuma ambazo bado hazijamezwa na maghorofa. Mtaa huo siku hizi ni vitambaa, vyombo vya plastiki na mikokoteni. Mgeni hupata shida kuamini kwamba nyuma ya mlango mmoja ameketi mtu aliyefundisha nusu ya wapasuaji wa mji. Tulimkuta barazani. Binti akampa shikamoo, akampa na karatasi.

Karatasi ile ilikuwa imepigwa chapa vizuri katika duka la steshenari. Ilianza kwa kusema kwamba tangu utotoni mwandishi alikuwa na shauku isiyozimika ya kuwahudumia wanadamu. Mzee akaisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

“Mwanangu, hii ni barua ya nani?”

“Yangu, Mzee.”

“Mbona mwenyewe simwoni ndani?”

Ikadhihirika kwamba alikuwa amekusanya barua za mfano kumi na moja, akachuma kutoka kila moja. Simlaumu. Mtoto wa Kiswahili hufundishwa tangu mapema kwamba anayejisifu anajivua nguo. Sasa unamtaka ajisifu mbele ya wageni asiowajua, na kwa lugha ya kigeni. Atafanya nini ila kuazima nguo za mtu mwingine? Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa serikali, aliandika Maisha Yangu na kuichapisha mwaka 1949, kwa hiyo fani ya mtu kujieleza si ngeni katika lugha yetu. Lakini shuleni hatuisomeshi kama jambo ambalo mwanafunzi atalihitaji.

Mzee hakusahihisha hata neno moja. Hili ndilo lililonishangaza, maana nilikuja na kalamu nyekundu mfukoni. Alimwambia aiweke kando karatasi, asimulie kwa Kiswahili kazi aliyofanya katika mwaka wake wa utarajali. Binti akasimulia: tulipokea wagonjwa, tuliwatibu, tulizungumza na wazazi. Mzee akamkatiza. “Tuli-, tuli-. Nani alishika sindano?” Binti akanyamaza. Nami nikaukumbuka waraka wa mwaka 1950. Wale walisema sisi kwa sababu walikuwa wakisema kwa ajili ya watu wengi. Huyu alisema sisi kwa sababu ya haya. Kwa masikio ni neno lile lile.

Tulirudi barazani pale mara sita. Kila mara Mzee aliuliza maswali, na kila mara barua ya zamani ilizidi kupungua. Alifuta shauku. Alifuta bibi mgonjwa, ingawa bibi alikuwa wa kweli. Alisema kila mwombaji ana bibi. Mara ya nne binti, akiwa amechoka na nadhani pia amekasirika, akataja daftari.

Hospitali aliyofanyia utarajali ilikuwa na kliniki ya watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao akina mama wa mjini huuita siko seli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye kuzaliwa watoto wengi zaidi wenye maradhi hayo duniani, na Muhimbili pamekuwa na kazi kubwa ya utafiti wake tangu mwaka 2004, iliyompatia sifa Profesa Julie Makani. Dawa ya haidroksiyurea hupunguza mashambulio ya maumivu, lakini inataka mtoto ameze kila siku na apimwe damu mara kwa mara. Binti aliona kwamba watoto wengine huja mara mbili, kisha hupotea, na hurudi wakiwa mahututi. Akanunua daftari la shilingi elfu moja. Akaandika jina la kila mtoto, simu ya mzazi, siku ya kurudi. Na jioni, zamu ikiisha, akawapigia wale ambao hawakuja. Mmoja alikosa nauli. Mwingine aliambiwa na jirani kwamba dawa ile inaharibu uzazi. Mwingine alikwisha kufa, na mama yake ndiye aliyepokea simu.

“Kwa nini hukuandika haya?” Mzee akauliza.

“Nilidhani ni kazi ya karani.”

Mzee akacheka kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Kaandike daftari.”

Aliandika. Mara hii kalamu yangu ilipata kazi, lakini ndogo: kuondoa vivumishi. Simu ile ya mama aliyefiwa aliieleza kwa sentensi tatu, na Mzee akamkataza kuongeza ya nne.

Likabaki neno la mwisho. Binti alikuwa amemalizia kwa kuahidi kwamba baada ya masomo atarudi kuitumikia nchi yake. Mzee akaweka kidole pale, akauliza, “Utarudi?” Sote tukatazama barabarani. Yeye mwenyewe alirudi. Katika wenzake watatu waliosafiri naye, mmoja hakurudi. Akasema hamlaumu yule mmoja, ila anajua ni wodi gani aliyopungua. Binti akajibu kwa sauti ndogo kwamba hajui. Mzee akapiga mstari juu ya ahadi. Mahali pake binti akaandika kwamba daftari amemwachia muuguzi wa kliniki, na kwamba anataka kujifunza namna ya kuwatunza watoto hao ambayo daftari kama lile linaweza kuibeba.

Mwezi wa Machi mwaka 2023 jibu likaja: hakupata nafasi. Palikuwa na kilio nyumbani, na mimi niliona aibu, kama kwamba nilikuwa nimemshauri atembee mtupu. Nilimwambia Mzee kwamba pengine shauku isiyozimika ingefaa. Hakunijibu. Binti akaomba tena mwaka ule ule kwa waraka ule ule, akibadili sentensi moja tu, na mwezi wa Machi mwaka 2024 akapata.

Hapo ndipo serikali ikaingia. Daktari anayekwenda Marekani kwa viza ya mafunzo ya kubadilishana hutakiwa kupata barua ya Wizara ya Afya ya nchi yake, ikisema kwamba nchi inahitaji ujuzi anaokwenda kuupata, na kwamba mwenyewe ameipa serikali ahadi ya maandishi kuwa atarudi. Akimaliza hutakiwa kurejea na kukaa kwao miaka miwili. Wako wanaosamehewa sharti hilo kwa kukubali kutumika miaka mitatu katika sehemu za Marekani zenye upungufu wa madaktari. Jambo hilo kila mwombaji analijua, na Mzee alilijua pia.

Kwa hiyo ahadi iliyofutwa barazani ikabidi iandikwe upya, safari hii kwa ajili ya Dodoma, kwenye makao ya Wizara. Binti aliileta Mtaa wa Sikukuu kabla ya kuipeleka, ingawa maneno yake yalikuwa ya kawaida na hayakuhitaji kusahihishwa. Mzee akaisoma kwa utaratibu ule ule. Akamwuliza tena kama atarudi. Akajibu kwamba sasa anafikiri ndiyo, na kwamba muuguzi amempigia juzi kumwambia daftari limejaa, ameanza la pili. Mzee akamrudishia karatasi, akampa kalamu yake, akamwambia atie sahihi pale pale mezani.

Aliondoka mwezi wa Juni.