Viapo Vilivyofifia: Lafudhi na Ucheshi katika Vibonzo vya Uingereza

Neno "tusi" limebebeshwa mzigo mkubwa mno na wafasiri wetu. Humo hutiwa neno la kumvunjia mtu heshima, neno chafu la mwili, na hata kile kiapo kilichochakaa ambacho Mwingereza hukitoa ajigongapo kidole kwa nyundo. Hayo si mamoja. Vibonzo vya magazeti ya Uingereza vyaidhihirisha tofauti hiyo, kwa kuwa kichekesho chake aghalabu hakimo katika neno lenyewe bali katika lafudhi ya mkoa inayolitamka.

Asili ya maneno mengi ya jinsi hii ni dini. Mwaka 1606 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwatoza faini ya pauni 10 waigizaji watakaolitaja kwa mzaha jina la Mungu au la Kristo jukwaani. Desturi ya kukikata kiapo ili kisitambulike ilikuwako hata kabla ya hapo: "zounds" ni majeraha ya Mungu, "strewth" ni kweli ya Mungu, na "blimey" ya watu wa London ni mtu kumwomba Mungu ampofushe. Ni tasfida iliyozeeka hata watumiaji wake wameisahau asili yake.

Tasfida hizo zilistawi sana katika vibonzo vilivyosomwa na familia nzima. Tarehe 8 Machi 1936 gazeti la Sunday Post, la kampuni ya D.C. Thomson ya Dundee, lilianza kutoa vibonzo viwili kwa Kiskoti, Oor Wullie na The Broons. Mtoto Wullie, mwenye kuketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, husema "jings" na "crivens" kila apatwapo na mkasa. Hilo la pili hufikiriwa kuwa limetoka katika jina la Kristo. Mchoraji wake, Dudley D. Watkins, alikuwa mzaliwa wa Manchester, si Mskoti, naye alivichora mpaka alipofariki mwaka 1969. Kwa Waskoti wengi maneno hayo leo ni ya Wullie zaidi kuliko ya kanisa.

Mwaka 1957 Reg Smythe, mwenyeji wa Hartlepool, alimleta Andy Capp katika Daily Mirror. Jina hilo ni kichekesho cha matamshi: Mwingereza aidondoshaye "h" mwanzoni mwa neno hulisoma kama neno la mbio za farasi litajalo uzito anaoongezewa farasi hodari, na Andy ni mcheza kamari wa farasi asiyevua kofia yake. Wadenmark walimwita Kasket Karl, Wajerumani Willi Wacker. Kofia ilisalimika Denmark. Farasi hakuvuka bahari.

Jambo lililo nyeti zaidi ni irabu. Katika karne ya 17 Kiingereza cha kusini kiliigawa irabu ya "u" mara mbili, kaskazini haikugawanyika. Uchunguzi wa lahaja ulioongozwa na Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds, katika mahali 313 kati ya 1950 na 1961, uliyarekodi matamshi hayo ya kienyeji. Kwa hiyo "bloody" ya Yorkshire ina "u" nzito, na ya London hulikaribia "a" letu. Sisi tuliipokea ile ya kusini: ndiyo maana twasema basi, pampu na klabu, wala si busi wala pumpu.

Bernard Shaw alikuwa amekigeuza kichekesho hicho kichwa chini. Katika Pygmalion, iliyoonyeshwa London Aprili 1914 baada ya kuchezwa kwanza Vienna kwa tafsiri ya Kijerumani mwaka 1913, muuza maua aliyefundishwa lafudhi ya kiungwana analitamka "bloody" kwa ufasaha kamili. Neno ni la mtaani, sauti ni ya sebuleni. Watazamaji wakaangua kicheko.

Lakini kwetu neno hilo lilifika kwa njia nyingine. Wafanyakazi wa enzi za ukoloni walilisikia likitanguliwa na kidole kilichonyoshwa: bladi fulu. Mfasiri atakayeandika "bladi" akidhani amelihifadhi neno jepesi atakuwa ameandika fedheha. Hali kadhalika yule atakayempa Andy Capp kosa la kuchanganya "l" na "r" ili achekeshe. Msomaji ataitambua jamii inayodhihakiwa, na jamii hiyo haikukosa lolote huko Hartlepool. Nisingekubali tafsiri ya namna hiyo hata ingechekesha vipi.

Napendekeza basi "kiapo hafifu" kiwe istilahi ya maneno haya, na "tusi" libakie kwa neno lililokusudiwa kumuumiza mtu. Kwa Wullie, "Salale!" au "Lo!" yatosha. "Mtume!" ingekaribia zaidi, maana nayo ina asili ya dini, ila wapo wasomaji wa pwani ambao kwao haijafifia hata kidogo, na mfasiri awaulize hao kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa.