Pistoni za lori: pima bloku kwanza, dukani uende baadaye

Wenye Canter na Isuzu hapa Pwani huniuliza swali moja kila mara: "Injini inakula oili, fundi amesema ni pistoni. Ninunue za kampuni gani?" Swali ni zuri, lakini limeanzia mwisho. Kabla ya jina la kampuni kuna nambari ya injini, kipimo cha silinda na kazi yenyewe ya lori. Anayebeba mawe kutoka timbo za Kilifi hadi Mombasa hahitaji injini ya mashindano. Anahitaji injini itakayopanda Mazeras na mzigo mwaka baada ya mwaka, isimrudishe gereji na mkopo wa benki haujaisha.

Nitatumia injini ya 4D33 ya Mitsubishi Canter kuwa mfano, kwa kuwa mafundi wetu wanaijua vizuri. Ni dizeli ya silinda nne. Upana wa silinda ni milimita 108, mwendo wa pistoni ni milimita 115, na ujazo wake cc 4,214. Ninayoyasema hapa yanafaa injini nyingine pia, mradi ufuate vipimo vyake.

Soma pistoni kuukuu

Usikubali fundi atupe pistoni za zamani kabla hujaziona. Zipange mezani kwa nambari za silinda, kisha uzitazame.

Sketi ikiwa na michubuko mikubwa pande zote, shuku joto au ukosefu wa oili. Hapa kwetu chanzo kimoja kinajulikana: rejeta kujazwa maji ya kisima yenye chumvi mpaka njia zake zinaziba kwa magadi. Kichwa cha pistoni kikiwa kimeungua au kutoboka, kapime nozeli na pampu ya dizeli. Ringi na silinda zikiwa zimelika kama zilizopigwa msasa, angalia kichujio cha hewa na mipira yake, maana vumbi la barabara za timbo ni msasa kweli.

Ukiacha chanzo kilivyo, pistoni mpya itakufa kifo kile kile cha ile ya zamani.

Jua injini yako kwa nambari

"Pistoni za Canter" si jibu la kumpa muuza spea. Mitsubishi yenyewe ina 4D32, 4D33 na 4D34 katika ukoo mmoja, na upana wake si mmoja: 4D33 ni milimita 108, hizo mbili ni 104. Isuzu nayo ina 4JB1 isiyo na turbo na 4JB1-T yenye turbo. Nenda na nambari kamili iliyochongwa kwenye bloku, na ikiwezekana uchukue pistoni moja kuukuu mkononi.

Upana ukilingana, kuna mambo mengine matatu. La kwanza ni urefu kutoka katikati ya pini hadi juu ya kichwa. Ukizidi, pistoni inaweza kugonga hedi au valvu; ukipungua, kompresheni inashuka, na asubuhi lori linawaka kwa taabu na moshi mweupe. La pili ni kibakuli kilichochimbwa kichwani. Kimekatwa kwa kufuata jinsi nozeli inavyonyunyiza dizeli, kwa hivyo umbo lake si pambo. La tatu, kama bloku ina jeti za kurushia oili chini ya pistoni, hakikisha sketi mpya ina nafasi ya kuzipisha.

Za kusubu au za kufua?

Siku hizi vijana wanaona kwenye simu pistoni za kufua, yaani aluminiamu iliyogandamizwa kwa nguvu kubwa, wakadhani ndizo bora kwa kila gari. Ni kweli zinastahimili kishindo. Lakini aina moja inayotumika sana kwenye mashindano, 2618, karibu haina silikoni kabisa. Hutanuka zaidi ikipata joto, basi hulazimu kuachiwa nafasi kubwa ndani ya silinda. Injini ikiwa baridi, pistoni inagonga, na kwa kazi ya kila siku inalika upesi. Aina ya 4032 ina silikoni takriban asilimia 12, nayo ni tulivu zaidi.

Kwa lori la kazi lisiloongezewa nguvu, ushauri wangu ni pistoni ya kusubu iliyotengenezwa kwa ajili ya dizeli. Tazama mfereji wa ringi ya kwanza: nyingi zilizo nzuri zina mkanda wa chuma uliosubiwa humo, na rangi yake huonekana tofauti na aluminiamu. Mkanda huo ndio unaozuia mfereji kupanuka kwa kupigwa na ringi. Rangi nyeusi ya grafati kwenye sketi nayo inasaidia saa za mwanzo, ila haifidii kipimo kibaya.

Nunua kwanza, chonga baadaye

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Bloku ipimwe kwanza kwa geji, juu, katikati na chini, pande mbili kila mahali, ili ijulikane ni ovasaizi gani itakayosafisha silinda iliyolika zaidi: 0.25, 0.50 au zaidi. Kisha nunua pistoni. Kisha mpelekee mchongaji pistoni zenyewe, apime kila moja na achonge kila silinda kufuata pistoni yake.

Jirani yangu mmoja alichongewa bloku siku tatu kabla ya pistoni kufika. Zilipofika, silinda mbili zilikuwa zimelegea kupita kiasi. Ikabidi anunue seti ya ovasaizi inayofuata na kulipia kuchonga tena. Pesa zilirudi baada ya kazi ya miezi, lakini chuma kilichotolewa kwenye bloku hakirudi.

Aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha kusubu. Kwa hivyo nafasi kati ya pistoni na silinda, ambayo ni kama unene wa nywele moja au mbili, ndiyo uhai wa injini. Ifuate karatasi ya mtengenezaji wa pistoni, na sketi ipimwe pale anaposema ipimwe. Wala usidanganywe kwamba ovasaizi inaongeza nguvu: 4D33 ikitoka 108 hadi 108.50, ujazo unaongezeka kwa takriban cc 39, chini ya asilimia moja.

Ukaguzi wa dukani

Majina yenye heshima yapo: Mahle na Kolbenschmidt za Ujerumani, Izumi na Art za Japani, na NPR kwa ringi. Lakini boksi huchapishwa popote. Toa pistoni zote nne. Zipime uzito kwa mizani ya kidijitali ya jikoni. Zisipishane ila kwa gramu chache. Linganisha nambari zilizochongwa, urefu wa pini na kina cha kibakuli. Herufi zilizofifia na kingo zenye makali yasiyosawazishwa ni dalili mbaya. Dai risiti yenye nambari ya bidhaa na haki ya kurudisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ringi, usafi na siku za mwanzo

Kila ringi iingizwe ndani ya silinda yake peke yake, ipimwe mwanya kwa fila geji. Mwanya ukiwa mdogo mno, ncha zitakutana kwa joto na ringi itakwaruza silinda. Baada ya kuchonga na kupitisha jiwe, bloku ioshwe kwa maji moto na sabuni, si kwa dizeli tu, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Kisha ipakwe oili papo hapo, maana hewa yetu ya bahari haichelewi kuleta kutu.

Lori likiwaka, usiliache linguruma mahali pamoja kwa masaa. Ringi hukaa vizuri injini ikifanya kazi. Liendeshe na mzigo wa wastani, ongeza na punguza mwendo, na ubadilishe oili na filta baada ya kilomita 1,000 za mwanzo.

Bajeti ikiwa ndogo, punguza jina la boksi kabla ya kupunguza vipimo. Pistoni ya daraja la kati iliyopimwa na kuchongewa silinda yake itaishi kuliko ya bei ghali iliyotiwa kwa kukisia. Muombe mchongaji akuandikie vipimo vya silinda zote nne kabla hujamlipa. Akikataa, tafuta mwingine.