Sahani za Santuri na Nyimbo za Utoto Wetu

Watu wa hirimu yangu, waliozaliwa katika miji ya Afrika ya Mashariki wakati wa uhuru au miaka michache baada yake, aghalabu hawaukumbuki wimbo kwa jina lake peke yake, bali huukumbuka pamoja na sahani iliyouchukua, alama iliyopigwa chapa katikati ya sahani hiyo, nyumba iliyokuwa na mashine ya kuipigia, na jirani karimu aliyeacha dirisha lake wazi ili watoto wa mtaa wapate kusikiliza. Redio ilikuwa ya wote, na wimbo wake ukishapita umepita. Lakini santuri ilikuwa milki ya mtu, ikinunuliwa kwa fedha zilizodunduizwa, ikitunzwa kabatini mbali na mikono yetu sisi watoto, na kutolewa siku ya idi, siku ya arusi, au siku alipoingia mgeni wa heshima. Kwa muda wa takriban miaka sitini sahani hiyo ilikuwa kitabu cha wengi waliokuwa hawajui kusoma, nami naona historia yake yastahili kuandikwa kwa taadhima ileile tunayoipa historia ya vitabu.

Mlango wa historia hiyo kwa lugha yetu ulifunguliwa Bombay, mwaka 1928, wakati Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya kuhamia mjini Unguja na kujifunza kuimba, alipovuka bahari pamoja na wapigaji wake ili sauti yake itiwe katika sahani za kampuni ya His Master's Voice, ile ambayo alama yake ilikuwa mbwa aliyeinamia pembe ya gramafoni akisikiliza. Pamoja naye alikuwapo Mbaruk Effandi Talsam wa Mombasa, kipofu aliyelijua udi kwa vidole kama wengine walijuavyo kwa macho na vidole pamoja. Sahani hizo ziliporudi pwani zilipokewa kwa shangwe kubwa, hata kampuni nyingine za Ulaya zikaona kwamba huku kuna soko, zikaja kutafuta waimbaji wao. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Lakini kabla ya wasifu huo kuandikwa, watu ambao hawakupata kumwona hata siku moja walikwisha kumjua kwa sahani.

Santuri za zama hizo zilifanywa kwa namna ya lakiri, nzito na rahisi kuvunjika, zikazunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ukachukua dakika tatu au zaidi kidogo. Hapana budi kuitazama vizuri hesabu hiyo ya dakika, maana iliingia ndani ya sanaa yenyewe. Wimbo wa taarabu ambao katika baraza ya usiku ungeweza kuendelea kwa muda mrefu, mwimbaji akirudia ubeti kwa ajili ya mtu aliyetoa tuzo, ukapaswa kuingia katika dakika tatu, na mtunzi akalazimika kuchagua beti za kubakia na za kuachwa. Sindano zilikuwa za chuma, zikiuzwa katika vikebe vidogo, na mwenye mashine mwangalifu aliibadilisha sindano mara kwa mara ili isikwangue mifuo ya sahani. Sindano zilizochakaa zilitupwa, na sisi watoto tukaziokota tukazifanya mali yetu.

Kutoka mwaka 1933 kampuni hiyohiyo ya His Master's Voice ilianza kuleta Afrika sahani za nyimbo za Kuba, zilizopewa herufi GV, na ya kwanza yake ilikuwa El Manicero. Vijana wa Dar es Salaam, Tanga na Morogoro walizisikiliza hata wakazijua mahadhi yake kwa moyo, ingawa maneno ya Kihispania hawakuyaelewa, na asili ya muziki wetu wa dansi kwa sehemu kubwa imo humo. Salum Abdallah wa Morogoro hakuificha asili hiyo, kwani bendi yake aliiita Cuban Marimba. Naye, mpaka mauti yalipomfika mwaka 1965, aliimba kwa Kiswahili kilichonyooka juu ya mahadhi yaliyokuja kwa merikebu. Upande wa magharibi, katika Kiswahili cha Katanga, Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi, na wimbo wake Masanga ukawafanya wapigaji wengi wa magitaa, toka Kongo hata Kenya, waangalie upya vidole vyao.

Kwa sisi tuliokuwa watoto baadaye, sahani hizo nzito zilikuwa za babu na bibi. Zetu zilikuwa zile ndogo, za inchi 7, za plastiki, zizungukazo mara 45 kwa dakika, ambazo kampuni ya RCA Victor ya Marekani ilizitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1949. Sahani ndogo haikuvunjika ikianguka, haikuwa na uzito wa kumchosha mchukuzi, na bei yake iliweza kufikiwa na mpishi, utingo wa basi, au karani aliyepokea mshahara wake mwisho wa mwezi. Nairobi ndiyo ikawa makao yake makuu. Huko studio ya Equator, iliyosimamiwa na Charles Worrod, ilikusanya waimbaji ambao majina yao tuliyajua kabla hatujajua majina ya mawaziri: Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na wale wawili waliotoka Rhodesia ya Kaskazini, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Fadhili ndiye aliyeitia Malaika katika santuri, takriban mwaka 1960, na ugomvi wa nani aliyeitunga haujakwisha hata leo. Miriam Makeba akauimba wimbo huo duniani kote, na mwaka 1981 kundi la Boney M likautoa tena. Helule Helule ya Daudi Kabaka nayo ilichukuliwa na vijana wa Kiingereza walioitwa The Tremeloes, wakaiimba mwaka 1968, ikapanda miongoni mwa nyimbo ishirini za kwanza Uingereza. Nataka hayo yakumbukwe na kila adhaniye kwamba sahani zilisafiri kwa njia moja tu, kutoka Ulaya kuja kwetu.

Wala Nairobi haikuwa peke yake. Mombasa, duka la Assanand lilitoa sahani za Mzuri, na kwa hizo tukapata sauti za taarabu ya pwani. Kericho palikuwa na duka la Chandarana. Na barabara ya River Road mjini Nairobi ilijaa maduka madogo ya watoaji santuri, kila mmoja na lebo yake, kila mmoja na spika mlangoni. Mmoja katika watoaji hao, Oluoch Kanindo, alipeleka sahani za muziki wa benga hata Zimbabwe, na watu wa huko wakauita muziki huo wote kanindo, jina lililobaki mpaka leo.

Jambo ninalolipenda kuliko yote katika sahani hizo ndogo ni namna zilivyougawa wimbo. Upande mmoja ulichukua dakika nne au tano, ilhali bendi za rumba, kama Simba Wanyika ya ndugu Wilson na George Kinyonga waliotoka Tanga, au Les Wanyika waliojitenga nao mwaka 1978, au Super Mazembe waliotoka Kongo, hazikuweza kuyamaliza maneno yao na magitaa yao kwa muda huo; basi wimbo ukakatwa sehemu mbili, upande wa kwanza ukawa wa kisa, mwimbaji akieleza kwa utaratibu dhiki yake au mapenzi yake, na upande wa pili ukawa wa chemko, magitaa yakijibizana na sauti za waimbaji zikipungua. Katikati palikuwa na kimya. Nyumbani kwetu Mombasa mjomba ndiye peke yake aliyekuwa na ruhusa ya kuigeuza sahani. Aliinyanyua kwa ncha za vidole, akapuliza vumbi, akaiweka tena, akaishusha sindano polepole juu yake, na shilingi aliyoibandika juu ya mkono wa mashine ili sindano isiruke tuliitazama sote kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikiimba. Watu wazima waliokuwa wameketi wakati wa kisa walisimama wakati wa chemko. Ninapousikia wimbo wa namna hiyo leo, umeunganishwa bila pengo, mwili wangu bado hulingojea pengo lile.

Mtoto wa Tanzania alilelewa kwa njia nyingine. Bendi za huko zilirekodi katika Redio Tanzania Dar es Salaam, na mikanda ikabaki redioni, lakini sahani zilichapwa Nairobi. Hivyo Mbaraka Mwinshehe, aliyeipeleka Morogoro Jazz hata Osaka mwaka 1970, na baadaye akaunda Super Volcano, alijulikana kwa santuri Kenya kama alivyojulikana kwa redio kwao. Mpaka wa nchi hizo mbili ulipofungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hiyo ilizidi kuwa nyembamba, na mpaka haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Mbaraka mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Ndiyo sababu vizazi vya Tanzania vilivyokua na bendi za Mlimani Park na Juwata huzikumbuka nyimbo hizo kwa sauti ya mtangazaji na salamu za wasikilizaji, ilhali majirani zao wa Kenya huzikumbuka kwa mfuko wa karatasi wa santuri.

Kaseti iliziondoa sahani. Ilikuwa rahisi, ilichukua saa nzima, na yeyote mwenye redio-kaseti mbili aliweza kuinakili bila idhini ya mwenye wimbo, jambo lililowadhulumu wanamuziki kuliko wasikilizaji walivyopata kujua. Kampuni kubwa za kigeni zikafunga shughuli zao Nairobi moja baada ya nyingine, na sahani zikawekwa darini, zikatupwa, au zikauzwa kwa bei ya chini kwa wakusanyaji waliotoka Ulaya. Wakusanyaji hao nawashukuru kwa upande mmoja, kwani mfululizo wa Zanzibara uliotolewa Ufaransa umeturudishia sauti ambazo tungezikosa kabisa. Lakini ni huzuni kwamba mjukuu wa mwimbaji wa Mombasa auagize Paris wimbo wa bibi yake. Katika soko la Kenyatta, Nairobi, bado vimo vibanda viuzavyo santuri za kale, na vijana huzinunua, jambo linalonipa matumaini.

Basi nawasihi wasomaji wangu, wale ambao nyumbani mwao bado kuna kasha la sahani: msilitupe. Ziwekeni zimesimama, si kulazwa moja juu ya moja, mbali na jua, maana plastiki hupinda kwa joto. Msizisafishe zile za zamani za mizunguko 78 kwa spiriti, kwani spiriti huyeyusha lakiri. Kisha waulizeni wazee wenu, maadamu wapo, nani alipiga gitaa na nani aliitikia, kwa sababu lebo aghalabu zilitaja jina la bendi na mtunzi, na wengine wote hawakuandikwa. Na majina mtakayopewa yaandikeni kwa kalamu ya risasi juu ya mfuko wa karatasi.