Kikopo cha dawa ya kuchua: Yapi yafaa, yapi ni hatari

KIKOPO cha marhamu yenye mentholi, ambayo wengi huiita Vicks hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine, hununuliwa kwa ajili ya mafua na kifua. Kikishafika nyumbani hupewa kazi nyingine nyingi. Kwa mzazi aliye Ugalla, mkoani Katavi, ambaye safari yake ya kwenda hospitali ya Mpanda si fupi, ni muhimu kujua ni kazi ipi inayofaa na ipi inayoweza kumdhuru mtoto.

Ndani yake mna mentholi, kafuri na mafuta ya mkaratusi, vilivyochanganywa katika mafuta ya mgando. Mentholi huamsha mishipa ya fahamu inayohisi baridi, hivyo mgonjwa huona pua imefunguka ilhali uvimbe wa ndani haujapungua.

Kwa fangasi wa kucha kuna dalili ya matumaini. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011, watu 18 waliipaka kwa wiki 48. Watano walipona kabisa, 10 wakapata nafuu, watatu hawakubadilika. Idadi hiyo ni ndogo mno kuitegemea. Magaga nayo hulainika, lakini kazi hiyo hufanywa na mafuta ya mgando, si harufu. Hata nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya kupikia yatosha, na Ugalla ni nchi ya warina asali.

Kuipaka nyayoni na kuvaa soksi ili kikohozi kikome hakujathibitishwa. Pengine kinacholeta usingizi ni kule kukandwa miguu. Utafiti wa mwaka 2010, uliowahusu watoto wa miaka 2 hadi 11, ulionyesha nafuu ya kikohozi cha usiku pale ilipopakwa kifuani na shingoni.

Dhidi ya mbu, harufu yake hupotea upesi na haichukui nafasi ya chandarua. Ndorobo, wanaoeneza malale, huvutwa na kitu kinachotembea na rangi za buluu na nyeusi. Aingiaye porini hukingwa zaidi na nguo nene za rangi ya udongo, zenye mikono mirefu.

Hatari kubwa ni kafuri. Ikimezwa, hata kidogo, yaweza kumletea mtoto degedege. Marhamu hii haipakwi mtoto wa chini ya miaka 2, wala puani, mdomoni au kwenye kidonda. Haipashwi motoni, kwani huruka na kuunguza uso na macho.

Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayefikia mara 40, huenda ana nimonia. Huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama amepakwa na ametulia.