Meno Yetu: Habari Zake za Kale na Utunzaji Wake

Mazungumzo yetu ni juu ya meno. Labda mtu atauliza, "Meno nayo yana historia gani?" Twamjibu kwamba yanayo, na historia hiyo ina fundisho ambalo mzazi akilipuuza aweza kumpoteza mtoto wake.

Na tuanze hapa petu Haneti, kaskazini ya Dodoma, katika nchi ya Ugogo. Mwaka wa 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipita Ugogo pamoja na msafara wao, wakitoka pwani kwenda kulitafuta ziwa la Tanganyika. Burton aliandika kitabu cha safari ile, kikachapishwa London mwaka wa 1860. Humo alieleza alama mbili za kumtambua Mgogo: masikio yaliyotobolewa na kupanuliwa, na pengo la meno mawili ya mbele katika taya la chini. Desturi ya kung'oa meno hayo haikuwa ya Wagogo peke yao. Wamasai nao walikuwa nayo, na makabila mengine kadhaa ya Afrika ya Mashariki. Wengine waliihesabu kuwa alama ya kabila, wengine kuwa uzuri, na wengine walisema kwamba mtu akishikwa na pepopunda, mataya yakakaza, pengo lile lilifaa kupitishia maziwa au uji.

Hatuwasimulii haya ili tuwacheke wazee. Siku zile pepopunda ilikuwa adui wa kweli, wala chanjo yake haikuwako. Walitumia akili waliyokuwa nayo kwa shida waliyoiona. Walakini sababu ya jambo ikiisha, jambo lenyewe hufifia, na ndivyo desturi ile ilivyozidi kupungua.

Tena wazee wale wale walituachia urithi mwema. Katika nchi zetu kavu huota mti uitwao mswaki, ambao vijiti vyake hutafunwa ncha mpaka vikawa kama brashi. Jina lake limetoka katika Kiarabu, na Waislamu wamekitumia kijiti hicho tangu siku za Mtume wao. Brashi ya dukani ilipofika, watu wetu hawakuitafutia jina jingine. Waliiita mswaki, kwa kuwa waliona kazi yake ni ile ile. Kijiti kikitumiwa kwa uangalifu, jino kwa jino, nje na ndani, huondoa ukoga vizuri. Basi asiye na fedha ya brashi asiseme, "Mimi sina cha kusafishia." Porini kipo.

Mwaka wa 1910 reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Dodoma. Bidhaa za pwani zikapata njia nyepesi ya kuja bara, na sukari ikiwa mojawapo. Wazee walikula ugali wa uwele na mtama, mlenda na maziwa. Kidogo kidogo chai ya sukari ikazoeleka, kisha peremende, biskuti na soda. Hata ubuyu wetu, ambao mtoto aliumumunya kama ulivyotoka mtini, siku hizi huuzwa ukiwa umepikwa kwa sukari na rangi. Mjue kwamba wadudu wadogo wasioonekana kwa macho hukaa katika ukoga wa meno. Sukari ndiyo chakula chao, nao wakiisha kuila hutoa uchungu mkali kama wa siki, ambao hulainisha jino hata likatoboka. Kila tunapolamba sukari, wadudu hao huandaliwa karamu. Kwa hiyo amlaye peremende moja moja tangu asubuhi hata jioni huharibika meno kuliko amlaye zote pamoja baada ya chakula.

Sasa tumefika kwenye jambo lililotufanya tuseme nanyi. Katika miaka ya 1980 ilienea hapa Tanzania habari ya "meno ya nailoni," ambayo wengine huyaita meno ya plastiki, ikafika hata katika nyanda hizi za kati. Ilisemwa kwamba mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha ameota meno mabaya ndani ya ufizi, na kwamba yasipotolewa atakufa. Basi mtoto akapelekwa kwa mtu ambaye alimchimba ufizi kwa kisu, au kwa sindano, au kwa spoki ya baiskeli, akatoa kitu cheupe, laini, akamwonyesha mama: "Tazama, nailoni hii hapa!"

Je, kitu kile ni nini? Ni jino la kweli la mtoto, ambalo halijakomaa. Ni chonge lake la utoto. Chonge hutokeza nje mtoto akikaribia mwaka mmoja na nusu, lakini miezi mingi kabla ya hapo ufizi huvimba kidogo mahali pale na kuonekana mweupe. Miezi hiyo ndiyo mtoto aanzapo kutambaa, kutia kila kitu kinywani na kuonja chakula kisicho maziwa ya mama. Basi ni miezi ya kuharisha. Watu waliona mambo mawili yametokea pamoja, wakadhani moja limezaa jingine. Jogoo huwika alfajiri na jua huchomoza, lakini jogoo hakulileta jua.

Wako wasemao, "Hii ni mila ya mababu, haiwezi kuachwa." Hapo sisi tunaosoma historia twaomba ruhusa ya kusema. Jina lenyewe ni shahidi. Nailoni ilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1930, na brashi za kwanza za meno zenye nywele za nailoni ziliuzwa huko mwaka wa 1938. Wale waliomwona Burton akipita mwaka wa 1857 hawakupata kulisikia neno hilo. Tena habari ya namna hii, ya kung'oa machonge ya watoto wachanga, iliandikwa na wataalamu kule Uganda mwaka wa 1969, ambako jina lake jingine ni ebiino. Twaona basi kwamba jina hili si urithi wa babu. Ni uvumi uliopita kinywa hata kinywa, kijiji hata kijiji, ukajivika vazi la mila.

Na madhara yake ni makubwa. Mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji kwa kuharisha huongezewa kutoka damu. Chuma kichafu chaweza kumtia pepopunda, ugonjwa ule ule ambao wazee waliuogopa, na chaweza kumtia virusi vya UKIMWI. Tena chini ya chonge la utoto limelala chonge la ukubwani. Likiguswa na chuma huota vibaya au halioti kabisa. Sisi walimu twawaona wanafunzi wenye mapengo hayo. Hao ndio waliopona. Wasiopona hawafiki darasani.

Mtoto akiharisha, mama asiache kumnyonyesha. Apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Pakiti ikikosekana, chemsheni maji, myapoze, na katika lita moja mtie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kisha anyweshwe kidogo kidogo. Wakati huo huo apelekwe zahanati bila kukawia, ambako hupewa na vidonge vya zinki. Ufizi wake uacheni.

Yafaa mjue na jambo jingine la miaka ile ile ya 1980, ambalo ni la kutufurahisha. Hapa hapa Tanzania madaktari wa meno waliona kwamba vijiji vingi havina umeme wa kuendesha mashine ya kutoboa meno, na kwamba mwanakijiji mwenye jino bovu hung'olewa tu. Wakajaribu njia mpya: kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono, bila mashine, na kuliziba tundu kwa dawa igandayo kwenye jino. Njia hiyo ilifaa sana, hata tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote. Fikirini basi! Katika nchi moja na miaka ile ile, chuma kimoja kilichimba ufizi wa mtoto mzima wa meno, na chombo kingine cha mkono kiliokoa jino lililooza. Cha kwanza kiliongozwa na hofu, cha pili na elimu.

Elimu hiyo haiko mbali nasi. Mafunzo ya madaktari wa meno yalianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka wa 1979. Kabla ya hapo aliyetaka kazi hiyo alikwenda kusoma nchi za nje. Kwa hiyo mwendeeni daktari wa meno angali jino halijauma. Mwiteni rafiki, si mtu wa koleo tu. Tundu dogo huzibwa upesi na kwa maumivu machache. Tundu lililoachwa hufika kwenye mshipa, likaleta usaha na uvimbe wa shavu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na nyumbani tufanye haya. Tupige mswaki mara mbili kila siku, asubuhi na kabla ya kulala, na ule wa usiku usisahauliwe kamwe. Kwa kuwa kijiti hakina floridi ya kutosha kuimarisha jino, anayeweza na anunue dawa ya meno yenye floridi. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutiwa kiasi cha punje ya mchele tu, na wa miaka 3 hata 6 kiasi cha punje ya njegere. Jino la kwanza likitokeza, mama alisafishe. Tusisugue kwa mkaa wala mchanga, maana hulika jino. Fizi zikitoka damu tusiache kupiga mswaki. Damu hiyo ni dalili ya ukoga, nao wataka kuondolewa.

Wazee wetu walimpokea mgeni kwa uso wenye tabasamu lenye pengo, na pengo lile lilikuwa na maana kwao. Sisi na tuwaachie watoto wetu tabasamu kamili. Na jirani akija usiku kumwambia mama, "Mwanao ana nailoni," mama na ajibu, "Mwanangu ana meno, nayo ni yake." Kisha ambebe mgongoni, aende zahanati.