Figo kwa Mtu Baki: Hoja kutoka Kingolwira

Upandikizaji wa figo ulipoanza Muhimbili Novemba 2017, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, ulisimama juu ya undugu: ndugu kumtolea ndugu. Sababu yake inaeleweka. Mtu baki anapojitokeza kutoa figo, swali la kwanza ni nani kamlipa, na tuhuma za biashara ya figo zilizoibuka Eldoret, Kenya, mwaka 2025 zimeonyesha kuwa hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, tunachopaswa kukilinda ni hiari, na undugu si ushahidi wa hiari.

Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Tuseme kikao cha ukoo kimekaa Kingolwira, Morogoro, kwa ajili ya kijana anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, na vipimo vimemwangukia mpwa mmoja. Atakataa kwa mdomo gani? Hakuna aliyemtisha wala kumlipa, lakini shamba analolima ni la ukoo. Daktari ataandika kwamba ameridhia. Mtu baki hana deni hilo. Anaweza kughairi asubuhi ya upasuaji na asisutwe na yeyote msibani.

Wala mila hazikumwachia ndugu peke yake mambo ya mwili. Uluguruni mtani hushika kazi nzito za maziko kwa kuwa si wa ukoo ule.

Kingolwira pia kuna gereza. Mfungwa akitaka kumpa figo mtu asiyemjua, ningemkatalia, hata kama nia yake ni safi, kwa sababu anayeishi chini ya amri hana namna ya kuthibitisha hiari yake. Hali ya mpwa yule haiko mbali na hii, ila yeye hatumuulizi.

Uingereza, ambako mtu baki wa kwanza alitoa figo mwaka 2007, kila mtoaji aliye hai, awe ndugu au asiwe, huhojiwa na mtathmini asiye wa timu ya upandikizaji. Mtu baki anayejitolea hivyo hamchagui mpokeaji wala hamjui. Taasisi ya taifa inayosimamia upandikizaji ndiyo hupanga. Muuzaji anahitaji mnunuzi, na utaratibu huu unamwondoa mnunuzi. Huo ni ulinzi imara kuliko kiapo cha undugu, ambacho nacho chaweza kununuliwa.

Hatari ipo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta vifo takriban 3 kwa kila watoaji 10,000 ndani ya siku 90. Kwa mkulima wa milimani kuna jingine: wiki kadhaa bila kubeba mkungu wa ndizi wala kushika jembe. Nauli, kibarua wa kumshikia shamba na vipimo vya kila mwaka vilipwe na mfuko wa umma. Kumrudishia gharama hizo si kununua figo yake. Kutomrudishia ni kuamua kwamba ukarimu huu ni wa wenye mishahara tu.